Kikwe: Jina Moja, Nyumba Nyingi

Tulitoka Tanga kwa basi la alfajiri, watu watatu: wajomba wawili wa kijana na mama yake mdogo. Mkobani tulikuwa na barua ya posa, doti mbili za kanga, na picha ya harusi ya mwaka 1986 ambayo dada yetu alitutia mkononi dakika ya mwisho akisema huenda mtu akamtambua marehemu mumewe. Tukapita Segera, Mombo, Same na Moshi. Baada ya njia panda ya Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro tukaanza kuhesabu vituo kama tulivyoelekezwa: Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, Tengeru. Ilikuwa Jumamosi, siku ya gulio la Tengeru, na kando ya barabara ilijaa mikungu ya ndizi, magunia ya maharage na akina mama waliojitwika matenga. Mpwa wetu alitupokea hapo. Alitushika mikono kwa adabu, lakini uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hakulala.

Kilichotuleta kilikuwa ni jibu fupi. Tulikuwa tumetuma salamu za kutaka kuposa katika nyumba moja ya Waislamu iliyoko Kikwe, kata iliyo kusini mwa barabara kuu ya Arusha na Moshi, wilayani Meru. Wenyewe wakajibu: kijana tunamfahamu na hatuna neno naye, lakini jina lake na la binti ni moja, kwa hiyo njooni tukae.

Kwa mtu wa pwani jibu hilo ni fumbo. Kwetu mtu huitwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, na kila kizazi kinapozaliwa jina la nyuma kabisa hudondoka. Mjukuu hana jina alilokuwa nalo babu wa babu yake. Wako wenye nisba zinazodumu, kama Mazrui wa Mombasa au Barwani wa Unguja, na wako masharifu wa Lamu wenye silsila zilizoandikwa na kuhifadhiwa kwenye masanduku. Lakini hata hao, Mazrui akimwoa binti wa Mazrui, watu huuliza mahari tu na siku ya walima. Binti wa ami kwa mtoto wa ami ni ndoa ambayo bibi zetu waliipigia vigelegele. Tulidhani tunakwenda kuondoa kikwazo kidogo cha wazee wa bara. Tulijidanganya.

Mmeru huitwa kwa ukoo. Kaaya, Mbise, Nnko, Pallangyo, Nanyaro, Akyoo, Sarakikya, Ayo, Urio, Sumari, Nassari, Mungure, Issangya, Kitomari: haya si majina ya babu wa karibu, ni majina ya koo nzima, na mtu huyabeba kutoka kuzaliwa hadi kaburini, awe Mlutheri au Mwislamu, awe amebaki kwenye migomba au amehamia Dar es Salaam. Msomaji wetu anayakumbuka baadhi bila kujua kuwa ni ya koo. Mkuu wa Majeshi wa kwanza wa JWTZ, aliyeshika wadhifa huo kuanzia 1964 hadi 1974, alikuwa Mirisho Sarakikya. Katika uchaguzi mdogo wa Arumeru Mashariki wa mwaka 2012, uliofuatia kifo cha mbunge Jeremiah Sumari, washindani wakuu walikuwa Sioi Sumari wa CCM na Joshua Nassari wa CHADEMA. Taifa liliona vyama viwili. Kwa sikio la Mmeru yalikuwa pia majina mawili ya koo yakiitwa jukwaani.

Jina la ukoo tuliokwenda kuukabili hatulitaji hapa. Wenyewe walituomba hivyo, na ombi lao ni la haki.

Mpwa wetu anafanya kazi katika kiwanda kimoja cha eneo la Themi, mjini Arusha. Alitusimulia njiani kuwa katika orodha ya mishahara ya zamu yake wako watu sita wenye jina lake la mwisho, na kwamba msimamizi mmoja aliyehamishiwa pale kutoka Mwanza alikwenda kulalamika kwa wakubwa kuwa kiwanda kimegawiwa ndugu wa tumbo moja. Ilibidi aelezwe kuwa kati ya wale sita hakuna wawili wanaoweza kutaja babu mmoja. Hata hivyo, alisema kijana, akifariki mama wa mmoja wao, wote sita huchangia kama waliofiwa. Viwanda vilipoanza kuchukua vijana kutoka mashambani, jina la ukoo liliingia nao mjini likiwa zima, na mlolongo wa mababu ukabaki nyumbani na wazee. Mtu anajua yeye ni nani, lakini hajui ni wa nyumba ipi.

Makarani nao wamechangia mkanganyiko. Mmoja aliandika Nassari, mwingine Nasari. Hapa Nnko, pale Nko. Pallangyo kwa l mbili na Palangyo kwa moja. Watoto wa baba mmoja hutofautiana kwenye vyeti, na siku ya mirathi kila herufi huitiwa wakili.

Tukaiacha lami upande wa Tengeru tukashuka kusini. Mlima Meru, wenye kimo cha mita 4,562, ulibaki nyuma yetu ukiwa umejifunika mawingu nusu. Kadiri tulivyoshuka ndivyo migomba na mibuni ilivyopungua na mahindi yalivyoongezeka. Upande wa Nambala tuliona majengo ya Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011, na wanafunzi wakivuka barabara na kompyuta mgongoni karibu na mzee aliyekuwa akichunga mbuzi. Kikwe yenyewe ni nchi ya tambarare, udongo mweusi, mifereji ya maji iliyochimbwa kwa jembe, na nyumba za bati zilizoachiana nafasi. Mito inayoshuka kutoka Meru hupitia nchi hizi za chini kwenda kuungana na Kikuletwa na hatimaye Bwawa la Nyumba ya Mungu. Maji hayakosekani. Ubaya wake tutauona.

Watu hawa hawakuanzia hapa chini. Wao hujiita Varwa na lugha yao ni Kirwa, iliyo jirani sana na Kimachame. Wanahistoria, Thomas Spear akiwa miongoni mwao, wanaeleza kuwa wahenga wengi wa koo hizi walivuka kutoka upande wa magharibi wa Kilimanjaro zaidi ya karne tatu zilizopita wakajikatia vihamba kwenye miteremko ya Meru. Ndiyo maana jina kama Urio unalikuta katika milima yote miwili. (Wameru wa Kenya ni watu wengine kabisa, na wazee wa Kikwe huchoka kuulizwa.) Ukoo wa Kaaya ndio uliotoa Wamangi. Koo nyingine zilikuwa na kazi zake na sifa zake, na karibu kila ukoo ulipokea wageni: Mmaasai aliyekimbia njaa, Mwarusha aliyehamia, mateka wa vita. Kutoka kwa Waarusha walichukua pia utaratibu wa marika wenye asili ya Kimaasai, kiasi kwamba mpaka leo mzee akitaka kukutajia wakati wa jambo hasemi mwaka, husema enzi za Seuri au za Makaa.

Kisha wakaja Wajerumani. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri, na adhabu iliyofuata ilikuwa ya moto na ng'ombe kuswagwa. Baadaye walowezi wakagawiwa ardhi kuuzunguka mlima, mashamba ya kahawa na mkonge yakawa kama pete shingoni: juu msitu wa hifadhi, chini shamba la mzungu, na katikati watu wanaozidi kuzaana. Kihamba kilichogawanywa kwa wana wanne hakikuweza kugawanywa tena kwa wajukuu kumi na sita. Walioshuka tambarare walishuka kwa sababu hiyo.

Na hata tambarare haikuwa na amani. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, kaskazini-mashariki ya mlima, ili ardhi yao wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa moto. Wameru wakamtuma Kirilo Japhet mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mwaka 1952, akisaidiwa na wakili Earle Seaton aliyetoka Bermuda. Hawakurudishiwa ardhi wakati ule, lakini jina la Meru lilisikika New York kabla majina mengi ya Tanganyika hayajasikika. Msomaji atusamehe kwa kurefusha. Tarehe hiyo ina kazi katika habari yetu.

Tulipokewa kwa loshoro, chakula cha ndizi na maziwa mgando ambacho mama mdogo alikimaliza na kuongezwa. Tuliswali adhuhuri na alasiri kwa kukusuru na kujumuisha katika msikiti mdogo wa pale, tukarudi kukaa chini ya mwembe. Upande wao alikuwapo baba wa binti, mwanamume wa makamo aliyesilimu ujanani alipokuwa akifanya kazi mjini Arusha. Mshili, yaani kiongozi wa ukoo, mzee mwenye fimbo na koti zito licha ya jua. Imamu wa msikiti, Mmeru kijana wa ukoo mwingine. Na dada mkubwa wa baba wa binti, bibi aliyepita miaka 80, Mlutheri, ambaye kila mtu alimpisha. Nyumba nyingi za Kikwe ziko hivyo, msalaba na kofia ya kiua chini ya paa moja, na hatukuona aliyeona ajabu ila sisi.

Mshili aliuliza swali la kwanza: wako wapi wa upande wa baba wa kijana? Kaka yetu alijibu kwa unyonge kuwa hatuwafahamu. Shemeji yetu alikuja Tanga kama kibarua wa bandari, akasilimu, akaoa kwetu, akaishi nasi kwa wema mpaka alipofariki. Alisema ametoka Kikwe, Meru, na kwamba hana mtu. Jina lake la zamani hakulitaja kwetu. Alibaki na jina la Kiislamu na la ukoo tu. Mpwa wetu alipopata kazi Arusha alikuja Kikwe kutafuta nyumba ya baba yake. Kwa kuwa ana jina la ukoo, ukoo ulimpokea, wakamkaribisha Idi, na katika kukaribishwa huko akamwona binti. Watu hawakujiuliza sana ni wa nyumba ipi. Alikuwa ndugu, yatosha.

Mshili akaeleza kanuni, bila ukali. Watu wa ukoo mmoja hawaoani. Haijalishi kama babu wa pamoja anajulikana au amesahauliwa. Jina ndilo babu. Akaanza kuhesabu mababu wa nyumba ile, wa kwanza, wa pili, wa tatu, akigusa vidole, na alipofika wa saba akasimama akatutazama ili nasi tuhesabu wa kwetu. Hatukuwa na hata wa pili.

Ndipo mama mdogo akatoa picha.

Bibi aliishika karibu na macho kwa muda mrefu. Akaweka kidole kwenye sikio la bwana harusi, sikio la kushoto lenye pengo ambalo sisi tulilijua kwa miaka yote bila kuuliza. Akasema kwa Kirwa maneno ambayo imamu alitutafsiria baadaye: huyu nilimbeba mgongoni, na sikio hili aling'atwa na mbwa wetu.

Alisimulia polepole, imamu akitafsiri. Ulikuwa mwaka uliofuata baada ya nyumba za Engare Nanyuki kuchomwa. Kwa hesabu yetu ni 1952. Karibu na hapo palikuwa na shamba la mkonge lenye kambi ya manamba. Neno hili wasomaji wa Tanga hawahitaji kulielezwa: vibarua walioletwa kutoka mbali, wakapewa namba na kipande cha kazi, na msimamizi akaita namba badala ya jina. Mmoja wao alikuwa Mrangi kutoka Kondoa, mjane, mwenye mtoto wa kiume wa miaka mitatu. Baba yake bibi, aliyekuwa akipeleka maziwa kambini, alifanya naye urafiki, akampa kipande cha kulima kando ya mfereji. Mrangi akaugua kifua na kufa. Mtoto akabaki kwenye kihamba cha baba yake bibi, akala na watoto wengine, na alipopelekwa shule ya misheni mwalimu aliuliza jina la baba, akapewa jina la ukoo. Alipofika umri akatahiriwa pamoja na wana wa nyumba ile. Kisha, kijana mzima, akaondoka siku moja bila kuaga. Bibi hakusema kwa nini. Alisema tu kwamba baba yake alikuwa akitazama barabara mpaka alipokufa.

Kwa hiyo upande wa baba tuliodhani hatuufahamu ndio tuliokuwa tumekwenda kuuposea.

Hapa lazima tuseme neno kuhusu meno. Shemeji yetu alikuwa na meno ya kahawia, na sisi watu wa Tanga tulimtania miaka yote kuwa alivuta tumbaku utotoni. Kikwe tuliona meno yale yale kwa mshili, kwa bibi, kwa watoto waliokuwa wakicheza. Ni floridi. Maji ya nchi hizi za chini ya Meru hupita katika miamba ya volkano, na visima na mifereji mingi huzidi kwa mbali kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayeyanywa wakati meno ya ukubwani yanatengenezwa hubaki na alama hiyo maisha yote, na ikizidi mifupa nayo hupinda. Ngurdoto wamejaribu kwa miaka mingi kuyachuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Shemeji yetu aliyanywa. Damu yake ilikuwa ya Kondoa, meno yake ya Kikwe, na sisi tulimcheka kwa lililokuwa ushahidi wa utoto wake.

Kaka yetu, tukiri, alifurahi mapema mno. Akasema kwa sauti: basi kikwazo hakipo, kijana si wa damu yenu. Imamu akaombwa aeleze sheria, akaeleza kwa utulivu. Kulea si kuzaa. Aya za Sura Al-Ahzab ziliagiza watoto wa kulea waitwe kwa baba zao, na baba zao wasipojulikana basi ni ndugu katika dini, Zayd, aliyekuwa akiitwa bin Muhammad kwa sababu Mtume (s.a.w.) alimlea, akarudi kuitwa bin Haritha. Akauliza kuhusu kunyonya, kwa kuwa maziwa yana hukumu yake. Bibi akacheka: mtoto wa miaka mitatu, alikuja akila ndizi. Imamu akasema hata kama angelinyonyeshwa, kijana na binti wangekuwa watoto wa ndugu, na watoto wa ndugu sheria haiwazuii.

Mshili alisikiliza yote. Kisha akasema maneno ambayo hatujayamaliza kuyatafakari mpaka leo. Ninyi, alisema, mnahesabu damu. Sisi mtoto yule hatukumhesabia damu, tulimhesabia chakula. Alikula hapa, akatahiriwa hapa, jina akapewa mbele ya watu na hakuna aliyelitoa kwa wizi. Leo mnasema si wetu kwa sababu mnataka binti. Je, mlipofika asubuhi, na kijana huyu alipokuja Idi akala nyama yetu, alikuwa wa nani? Na kesho akija kuomba sehemu ya kihamba atasema ni wa nani?

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumekwenda kwa watu walioficha aibu ya yatima kwa miaka 70 kwa kumpa jina lao, na jambo la kwanza tulilofanya baada ya kuujua wema huo ni kuutumia kama hoja ya kujiengua.

Mpwa wetu hakuwa amesema neno tangu picha itolewe. Aliuliza jambo moja tu: babu amezikwa wapi?

Wameru huzika nyumbani. Makaburi ya nyumba ile yako nyuma ya migomba michache iliyobaki, mengine ya saruji yenye misalaba na majina, na jina la mwisho kwenye kila moja ni lile lile, kama orodha ya darasa. Kaburi la Mrangi liko mbali kidogo, kando ya mfereji, halina jiwe wala maandishi, limezungushiwa masale. Bibi alitembea nasi akishika mkono wa binti. Alisema siku ya maziko walikuja manamba wenzake kutoka kambini, wakaomba wamzike wao, wakamlaza kwa ubavu uso ukielekea mlimani. Watoto wa kijiji walidhani watu wa Kondoa wanauheshimu Mlima Meru. Imamu akanyoosha mkono kimya kuelekea mlima, kisha kuelekea paa la msikiti, ili tuone kuwa ni upande mmoja. Kutoka Arusha kibla ni kaskazini.

Dada yetu alituambia siku zote kuwa mumewe ndiye Mwislamu wa kwanza wa nyumba yao.

Kilomita chache kutoka pale, Tengeru, kuna makaburi ya Wapolandi. Wakati wa Vita vya Pili wakimbizi wapatao 5,000 wa taifa hilo, wengi wao wanawake na watoto, waliwekwa kambini hapo, na waliofia ugenini wamelala hadi leo katika safu zinazotunzwa, kila mmoja na jina lake kamili na miaka yake. Ni vyema wanatunzwa. Lakini tulipopita siku iliyofuata tukiwa njiani kurudi, mpwa wetu alitazama ukuta ule kwa muda, nasi tulijua anamwaza manamba.

Ukoo uliomba muda, nasi tukarudi Tanga na barua yetu ya posa ikiwa haijafunguliwa. Kanga tuliziacha kwa bibi. Dada yetu aliposikia habari alilia, na hakulilia ndoa. Alimlilia mtu aliyeishi naye kitanda kimoja akiwa na jambo hilo kifuani. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, mwenye kusoma vitabu, alimpa kijana faraja isiyo ya kawaida: alimweleza kuwa Imamu Bukhari mwenyewe huitwa al-Ju'fi ingawa hakuwa Mwarabu wa kabila la Ju'fi, babu yake mkubwa alisilimu mikononi mwa mtu wa kabila hilo, na nisba ikadumu kwa njia ya kuungana, si ya kuzaliwa, bila mtu kudanganywa kuhusu nasaba. Kwa hiyo jina la waliokulea si haramu kulibeba, mradi ijulikane wewe ni mwana wa nani. Kijana aliandika maneno hayo kwenye simu yake akayatuma Kikwe kwa imamu, na imamu, tuliambiwa, alikwenda kuyasoma kwa mshili.

Wiki tano baadaye tuliitwa tena. Safari hii kaka yetu alinyamaza na mpwa wetu ndiye aliyesema. Alisimama mbele ya ukoo akataja jina la babu yake aliyelala kando ya mfereji, jina ambalo bibi alikuwa amelihifadhi; akasema baba yake alilelewa katika nyumba ile na hilo halifutiki; akasema hatadai kihamba, si yeye wala watoto wake, ila anaomba ruhusa ya kulijengea kaburi lile. Mshili aliuliza kama kuna mwenye neno. Mjomba mmoja wa binti alikuwa nalo, akalisema kwa hasira, akaondoka, na mpaka tunaandika hajarudi kukaa na ndugu zake. Wengine walikubali. Wazee wawili walikubali kwa kunyamaza, jambo ambalo mshili alisema linahesabika.

Nikaha ilifungwa pale Kikwe baada ya swala ya alasiri. Imamu alimtaja kijana kwa jina lake, la baba yake na la yule babu, na ndivyo ilivyoandikwa chetini. Kitambulisho chake cha taifa, leseni na orodha ya mishahara kiwandani bado vina jina la ukoo. Bibi arusi hajabadilisha jina lake, kwa hiyo kwenye fomu ya bima ya afya wanaonekana kaka na dada, na karani aliyeipokea aliwarudisha nyumbani wakalete maelezo ya maandishi.

Anakusudia kwenda Kondoa akipata likizo. Tumemwambia tutafuatana naye. Tunalo jina moja la babu, bila kijiji, bila mtaa na bila mwaka wa kuzaliwa, nalo ni jina ambalo Kondoa, kwa wanaoijua, katika kila nyumba ya tatu yumo mwenye kuitwa hivyo.